Saa Mbili na Dakika Arobaini na Tano

Mlio ulitangulia. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani, na kabla sijafumbua macho niliusikia ukija kutoka upande wa Barabara ya Pugu. Ulianza kama mtu anayesaga nafaka nyumba ya tatu, kisha ukawa mzito, ukaingia chini ya mabati, ukatetemesha vifuniko vya sufuria uani, ukapita juu yetu kuelekea baharini. Nilihesabu moyoni. Nilipofika arobaini na tatu haukusikika tena. Bibi, aliyekuwa kitandani, akauliza kwa sauti ya usingizi kama huyo aliyepita ni wa Unguja au wa Tanga. Nikamwambia wa Unguja, atatua baada ya dakika kumi na nane. "Basi atawahi chai ingali moto," akasema, akageukia upande wa pili, akalala tena.

Asubuhi za namna hiyo zimenirudia tangu mwezi uliopita. Mwalimu mwenzangu mstaafu, mtu wa Machame, alinipigia simu kunipa habari za huko kwao, na katikati ya habari za mvua na magoti yake akasema kwamba mzee Anaeli, yule niliyewahi kumwulizia, amefariki na wamekwisha kumzika kwenye kihamba chake, kati ya migomba. Nikauliza alifariki lini. Akasema mazishi yalichelewa siku sita, kwa sababu mtoto wake wa mwisho yuko Kanada na alikuwa na ndege tatu za kupanda mpaka afike, na familia ilisema hakuna kufunika kaburi kabla hajafika. Siku sita. Nilikaa na simu mkononi mpaka mjukuu wangu akaja kuichukua akidhani nimesinzia. Mjukuu huyu akitaka kujua umbali wa miji miwili anaandika majina yake kwenye simu, na kabla hajaondoa kidole jibu limetoka: kilomita kadhaa, saa kadhaa, na mstari wa buluu umepinda juu ya bahari. Nikamwomba aniandikie Nairobi na Dar es Salaam. Akanisomea. Nilimwambia ahsante, nikaenda chumbani kwangu, nikafunga dirisha ingawa kulikuwa na joto.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na saba, na sura ya malkia wa Waingereza ilikuwa bado mpya kwenye sarafu zetu. Nilikuwa nimemaliza shule na nimewekwa ndani, kama tulivyosema, yaani nasubiri mchumba. Nyumba ya Bibi ilikuwa Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi umepita katikati kutoka mlango wa mbele mpaka uani. Dunia yangu ilikuwa ukumbi ule na uani: jiko, bomba, kamba ya nguo, na kipande cha mbingu kisichozidi khanga mbili zilizoshonwa pamoja. Ya nje niliyapokea kwa masikio. Nilijua wauza samaki wamefika sokoni kwa kelele za paka. Nilijua lori la magunia limekata kona ya Msimbazi kwa namna dereva alivyobadilisha gia. Na ndege nilizijua zote, ingawa ile yenyewe, mwili wake, niliiona mara chache tu, ikivuka kile kipande changu cha mbingu kwa muda usiotosha hata kunyoosha kidole.

Chumba cha mwisho, kile kilichofungua mlango wake uani, alikuwa amepanga Anaeli. Alikuwa Mchaga wa miaka ishirini na minne, mrefu, mwenye kuinama kila alipopita mlangoni hata pale mlango ulipokuwa mrefu kuliko yeye. Alifanya kazi uwanja wa ndege. Kazi yake ilikuwa kupima uzito wa mizigo, na wa abiria pia, maana siku zile mtu alipandishwa kwenye mizani kama gunia la karafuu, kisha kuandika kwa chaki ubaoni saa ambazo ndege zingetua. Saa hizo alizihesabu Mzungu mmoja chumba cha pili. Anaeli alikuwa akimtazama kupitia mlango, miaka miwili mfululizo, mpaka akawa anapata jibu kabla ya yule bwana. Alimweleza Bibi jambo hilo siku moja wakiwa wanapepeta choroko: "Hanishindi hesabu, Bibi. Ananishinda kiti tu."

Bibi alimpenda. Alimwita Mchaga wangu, kama mtu anayesema saa yangu au fimbo yangu. Jioni Anaeli akichemsha ndizi zake na nyama kwenye jiko la mkaa, jirani yetu Bi Chausiku, ambaye alikaanga vitumbua barazani kwake na kuingia kwetu bila kubisha hodi, aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kama mpangaji anapika chakula au anafua matandiko. Anaeli alijibu kwamba anafua tumbo, maana vitumbua vyake Bi Chausiku vimelijaza mafuta. Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha sahani ya ndizi ilikuja kwetu na bakuli la mbaazi za nazi likaenda kwake, na hivyo ndivyo nilivyokula chakula cha mlimani kabla sijauona mlima.

Ukutani kwake, mkabala na mlango, alikuwa amebandika ramani ya Afrika Mashariki iliyotupwa ofisini kwa sababu ilimwagikiwa wino upande wa Uganda. Mlango wake ulikuwa wazi daima akiwepo, kwa heshima ya nyumba, nami nikikuna nazi uani niliiona ramani yote kutoka kwenye mbuzi. Siku moja nilimwuliza ile mistari aliyoichora kwa penseli ni barabara za wapi. Bibi alikuwepo, amekaa katikati yetu kwenye kibao chake, anachambua mchele. Anaeli akasema siyo barabara, ni njia za ndege. Akaeleza kwamba ndege haina haja ya barabara, haizunguki mlima wala mto. Unaweka rula kati ya uwanja huu na uwanja ule, unasoma inchi, kila inchi ni maili hamsini, na ndege yetu ya panga mbili inakwenda maili mia moja na hamsini kwa saa. Unagawanya. Basi.

Neno lile, basi, lilinikamata. Kwetu hakuna kilichokuwa basi. Ukitaka kwenda nyumba ya pili ulihitaji ruhusa, buibui, mtu wa kukusindikiza na sababu. Na huku kulikuwa na kitu kinachotoka mahali kwenda mahali kwa mstari mmoja uliochorwa na rula. Nilimwomba Bibi ruhusa ya kuingia kwa mpangaji kupima. Bibi alifikiri kwa muda wa kupeta sinia zima la mchele, kisha akasema Anaeli ailete ramani uani, aitandike sakafuni, yeye akae upande huu, mimi ule, na yeye Bibi atakaa juu ya Ziwa Viktoria. Ndivyo tulivyojifunza mwaka mzima. "Wanangu, msinisogezee Kisumu," alikuwa akisema tukivuta karatasi.

Pa kwanza kupima palikuwa Nairobi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mama yangu alikuwa Nairobi, kwa mume wake mwingine, na nilikuwa sijamwona kwa miaka mitatu. Aliondoka kwa gari la abiria, na kichwani mwangu Nairobi ilikuwa mahali pa siku nyingi, vumbi na kulala njiani. Niliweka rula. Inchi nane na robo. Nikazidisha, nikapata maili mia nne na kumi na mbili na nusu. Nikagawanya kwa mia moja na hamsini, nikiandika kwa mkaa sakafuni, na jibu likatoka kamili, halikubaki hata chembe: saa mbili na robo tatu. Saa mbili na dakika arobaini na tano. Maharage huchukua muda mrefu zaidi. Nilimwangalia Anaeli nikitegemea aniambie nimekosea. Akaipitia hesabu, akatikisa kichwa polepole, akasema kwamba yule Mzungu angehitaji karatasi mbili. Nilicheka, kisha nikaona macho yangu yamejaa maji, nikasingizia mkaa.

Baada ya hapo aliniletea hesabu kila jioni, nyuma ya fomu zilizokwisha kutumika. Mombasa mpaka Tanga. Tabora mpaka Mwanza. Dar es Salaam mpaka Moshi, inchi tano na nusu, saa moja na dakika hamsini. Hiyo ya Moshi aliniletea mara mbili, akidai amesahau kwamba tulikwisha kuifanya. Kila hesabu ilikuwa na viwanja viwili tu, hiki na kile. Nilijua sauti ya viatu vyake ukumbini, nilijua kikohozi chake cha asubuhi, nilijua jinsi alivyokunja mikono ya shati kabla ya kushika penseli, mkono wa kushoto kwanza. Hatukuwahi kusemezana neno lisilo na tarakimu ndani yake. Yeye Mkristo wa Kilimanjaro, mimi mjukuu wa Bi Kidawa wa Mtaa wa Sikukuu. Tungesema nini kingine? Lakini zipo jioni ambazo tulibishana kuhusu upepo, kama ukiwa nyuma ya ndege unapunguza dakika ngapi, na nilipolala nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshikwa mkono.

Bibi alifariki alfajiri, baada ya siku mbili za homa ambayo sote tulidhani ni ya mvua. Anaeli alikuwa ameondoka mapema zaidi kwa lori la kuchukua wafanyakazi wa uwanjani, hakujua. Mjomba Athumani, kaka yake mama, fundi seremala mwenye karakana Msimbazi, alifika kabla jua halijapanda, na saa mbili alikuwa Posta kupeleka simu ya maandishi Nairobi. Jibu lilikuja saa tano. Wanaume walikuwa wamejaa barazani na ukumbini, sisi wanawake chumbani kwa Bibi na uani, ubani unafuka, maji ya kuoshea yanachemka. Mjomba alisoma kwa sauti: NAPANDA NDEGE SAA SITA. NISUBIRINI. Mume wa mama alikuwa msafishaji wa ndege kule Nairobi, na kiti kilipobaki wazi wafanyakazi waliruhusiwa kupandisha mtu wao.

Kwetu maiti hangoji. Huoshwa, huvishwa sanda, hupelekwa. Lakini nilimsikia mwalimu wa msikiti akimwambia Mjomba kwamba mtoto kumwona mama yake ni jambo zito, na kama atafika kwa wakati, hapana ubaya kumngoja, ilimradi tumzike kabla ya magharibi. Kilichotakiwa kujulikana ni kimoja tu: ndege ya saa sita inafika Dar es Salaam saa ngapi? Mjomba akauliza nani hapa anajua mambo ya ndege. Mtu akasema yupo mpangaji Mchaga, atumwe kijana na baiskeli akamwulize uwanjani. Kijana alikuwa ameshakamata baiskeli. Nami nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la chumba, nusu hatua kutoka kwa Mjomba, na jibu lilikuwa ulimini mwangu tangu niliposikia neno saa sita.

"Hapana haja, Mjomba," nilisema kutoka ndani. "Bwana Anaeli alikwisha kusema. Nairobi mpaka hapa ni saa mbili na dakika arobaini na tano. Atatua saa tisa kasorobo."

Sikuweza kusema nimehesabu mimi. Nani angemwamini mwari wa ndani, na nani asingeuliza amejifunzia wapi, kwa nani, mlango gani ukiwa wazi? Jina lake liliipa hesabu yangu suruali na viatu ikaweza kutembea mbele ya wanaume. Baiskeli ikaegemezwa tena ukutani. Mjomba akasema basi, saa tisa kasorobo atue, saa tisa na robo awe hapa, atamwona mama yake, tutamswalia alasiri.

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja. Nimewaambia wanafunzi maelfu wasome swali mara mbili. Kila nilipolisema nilikuwa na pazia lile mbele ya uso wangu.

Tulingoja. Bibi alikuwa amekwisha kuvishwa, uso wake umeachwa wazi kwa ajili ya mtu mmoja. Nilikaa miguuni pake na sikuangalia saa ya ukutani, nilisikiliza. Ilipofika saa nane na nusu nilianza kuisikia ndege katika kila kitu: katika birika, katika nzi, katika lori la magunia lililonifanya niinuke nusu nikakaa tena. Saa tisa kasorobo ikapita. Saa tisa ikapita. Wanawake walianza kunong'ona. Bi Chausiku, aliyekuwa akinipangusa jasho, akasema kwa upole, kama anavyosema mtu kupoza wengine, "Labda nayo inasimamasimama njiani kama gari moshi, ishushe wa Tanga, ishushe wa Unguja." Mmoja akaguna kwa kicheko, akamwambia ndege itasimama wapi, juu ya mnazi?

Mimi sikucheka. Nilikumbuka Anaeli akirudi na machungwa aliyopewa na abiria wa Tanga aliyeshuka kwenye ndege ya Nairobi. Nilikumbuka akilalamika kwamba ndege ya Nairobi imechelewa kwa sababu Unguja walikuwa wakipakia barua. Nilikumbuka zile hesabu, viwanja viwili viwili, Nairobi mpaka Mombasa, Mombasa mpaka Tanga, Tanga mpaka Unguja, Unguja mpaka hapa, na nikaelewa kwamba alikuwa akinipa safari moja iliyokatwa vipande. Nilizijumlisha palepale, vidole chini ya khanga. Zaidi ya saa tatu za kuruka. Kila kituo nusu saa au karibu yake. Saa kumi na nusu. Mama angetua saa kumi na nusu, na magharibi ilikuwa bado mbali.

Nilikuwa na muda wa kusema. Hili ndilo ninalotaka kuandika kabla sijaondoka duniani: nilikuwa na muda. Mjomba alikuwa ukumbini anasema kwamba saa ya Mchaga imepita na nusu saa juu yake, bila shaka dada hakupata kiti, Mungu hakuandika. Kati yangu na yeye palikuwa na pazia. Lakini kusema kulihitaji nieleze nimejuaje sasa jambo ambalo halikuwemo katika kauli ya Anaeli niliyoitoa asubuhi, na nilipolipanga jibu hilo kichwani, kila neno lilikuwa na ramani ndani yake, na sakafu ya uani, na mwaka mzima wa jioni. Nikafungua mdomo. Muadhini akaadhini alasiri. Wakaingia wanaume na jeneza, Bi Chausiku akaufunika uso wa Bibi, na mdomo wangu ukawa wazi vilevile mpaka walipotoka naye, ndipo kilio kikatoka, na wote wakaona ni kilio cha mjukuu.

Saa kumi na nusu ndege ikapita juu ya bati. Ilitoka upande wa bahari, chini kabisa, ikitetemesha vifuniko. Makaburini, nilikuja kuambiwa, watu walikuwa wanamwagia udongo maji, wakainua macho wakaitazama.

Mama aliingia saa kumi na moja na robo, na buibui lililojaa vumbi la njia ya Pugu. Sikumtambua mara moja. Alikuwa mfupi kuliko nilivyomweka moyoni. Akauliza yuko wapi. Bi Chausiku akamshika mabega akamwambia, "Tumekwisha kumsitiri, mwanangu. Sasa hivi tu." Mama akatazama kitanda kilichoondolewa shuka, akakaa chini pale pale kizingitini, akavua viatu vyake taratibu, kimoja, cha pili, akaviweka sambamba kama mgeni. Nikaenda nikamkumbatia. Aliniambia nimekua. Harufu yake ilikuwa ileile, nami nilikaa ndani ya harufu hiyo niliyoitamani miaka mitatu na sikuwa na haki nayo.

Anaeli alirudi kabla ya magharibi. Aliona watu barazani, akavua kofia. Mjomba alimpokea mbele ya wote, na maneno yake niliyasikia yote kutoka ndani: kwamba watu wazima wamekaa na maiti toka asubuhi kwa kauli yake, kwamba saa tisa kasorobo yake ndiyo iliyowafanya waone dada yao hakupanda, kwamba kama alikuwa hajui angesema sijui. Najua alichokuwa anafanya kabla ya kufungua mdomo. Alikuwa anagawanya maili mia nne na kumi na mbili na nusu kwa mia moja na hamsini. Alijua mahali pekee duniani ambapo jibu lile liliwahi kuandikwa.

"Ni kweli, mzee," akasema. "Kosa ni langu. Nisameheni."

Mama aliinuka, akasogea hadi kwenye pazia, akamwuliza alikuwa uwanjani wakati ndege inatua? Akasema alikuwepo. Akamwuliza kama alimwona akishuka. "Nilikuona, mama," akajibu. "Nilibeba mzigo wako mpaka kwenye teksi. Sikujua wewe ni nani." Usiku wa pili wa matanga, tukiwa tumelala pamoja kitandani kwa Bibi, mkono wake juu ya tumbo langu, aliniambia kwamba amesamehe wengi katika maisha yake, lakini yule Mchaga amemshinda, Mungu amsaidie. Nilisema aamin. Alirudi Nairobi baada ya siku saba, kwa gari la abiria, na alifariki akiwa na kinyongo hicho kwa mtu asiyestahili, kwa sababu sikuwahi kumwambia. Kila mwaka nilisema mwaka huu, mpaka ikawa hakuna mwaka.

Mjomba alirithi uangalizi wa nyumba, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumpa Anaeli notisi ya siku tatu. Jumamosi asubuhi mkokoteni ulikuwa nje. Mjomba alikaa barazani akiangalia godoro na sanduku la bati vikifungwa kamba, akizungumza na msukuma mkokoteni juu ya bei ya mbao kana kwamba hakuna kinachotendeka. Nilitumwa kufagia chumba kilichoachwa wazi. Anaeli alirudi ndani kuchukua jiko lake, na tukakutana ukumbini, mahali penye giza kidogo kati ya milango ya vyumba, kwa mara ya kwanza bila Bibi kukaa katikati.

Nilimwambia nitawaeleza. Leo, sasa hivi, mbele ya Mjomba. Niliyasema haraka, nikishika fagio kwa mikono miwili. Aliangalia mlango wa mbele uliokuwa wazi na mgongo wa Mjomba uliokuwa kwenye mwanga. Akasema hesabu yangu haikuwa na kosa hata moja, yeye ndiye aliyenifundisha ndege isiyosimama popote, kwa sababu ndiyo aliyoipenda na yeye. Nikarudia kwamba nitawaeleza. Nadhani nilitaka anikatalie, na aibu yangu kubwa ni kwamba alijua.

"Mimi nitapata chumba kingine Ilala, leo hii hii," alisema. "Wewe huna nyumba nyingine, dada Zaina. Nyamaza tu."

Nikauliza kama atakuwa karibu na uwanja. Akasema karibu zaidi kuliko hapa, maili tatu, na kwa mguu ni saa moja kamili, ukiondoa vituo. Alitaka kutabasamu. Jiko lilikuwa limemchafua mkono wa shati, ule wa kushoto, hakuukunja. Nje Mjomba akaita kwamba mlango uko wazi na watu wanapita, na mtoto wa kike ndani, ufungwe. Anaeli akainama kupita mlangoni ingawa mlango ule ulikuwa mrefu, akashuka barazani, akasema asalaam aleikum kwa watu wasiomjibu. Niliweka fagio chini. Nilishika ubao wa mlango kwa viganja vyote viwili, nikausukuma mpaka mwanga ukabaki uzi, na uzi ukaisha, nikatia komeo.